Barua ya wazi kwa wizara na TaSUBa: mafundi wakubwa warudi darasani Bagamoyo

Waheshimiwa, salaam kwenu nyote.

Barua hii naielekeza kwa wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa, kwa Bodi ya Ushauri ya TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kwa Mtendaji Mkuu wake, afu nakala iende Utumishi, NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi) na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, mana'ke ninachoomba hakiwezi kumalizwa na ofisi moja, kila mmoja wenu ameshika kipande chake na nahofia kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Mimi ni mchoraji, naishi kwa brashi, sina cheo popote na wala siombi kazi kwa ajili yangu.

Ninachoomba ni hiki. Fungueni pale Bagamoyo nafasi za kudumu za kufundisha, zenye mshahara na cheo na mafao kama walimu wengine, kwa mafundi wakubwa wa fani zetu: mpiga zeze la nyuzi na ilimba ya vichuma, mchongaji, mfinyanzi, msusi wa ukili, fundi wa milango, mzee anaejua ngoma ya kwao kuanzia wimbo mpaka kuwamba ngozi. Wapewe nafasi hizo hata kama hawana cheti cha fomu foo. Mengine yote humu chini naeleza kwanini naomba hivyo na kwanini naamini inawezekana kesho asubuhi mkitaka.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri alisimama bungeni akatangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwa uchungu jinsi mkoloni alivyotufanya tuamini hatuna utamaduni wa kwetu. Haikuishia kwenye hotuba. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, vijana wakapelekwa China kusomea sarakasi, waliporudi kikawepo kikundi cha sarakasi cha taifa, baadae na cha maigizo. Vikundi vile vilipovunjwa ndio 1981 kikazaliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na waliokibeba mwanzoni walikuwa wasanii walewale waliokuwa wanapanda jukwaani kwa jina la nchi. Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndio mzizi wa barua yote: chuo kile kilianza na watu wanaofanya kazi yenyewe. Wanafunzi walikuwa wanakaa mbele ya mtu ambae mkono wake ulikuwa tayari umeshafanya ile kitu maelfu ya mara, mbele za watu, mbele za wageni wa taifa, kwenye mvua na kwenye jua. Mwaka uliofuata, 1982, likaanza na tamasha ambalo mpaka leo linafanyika kila mwaka, na sijui nchi ngapi Afrika zinaweza kusema tamasha la chuo chao limedumu zaidi ya miaka 40.

Kati ya waliokuwa pale ni mzee wetu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Huyu alikua akichunga ng'ombe za baba yake, muziki kaupata nyumbani kwa baba, na Mwalimu Nyerere aliposikia habari zake akamleta Dar es Salaam, kisha Bagamoyo. Mliowahi kumsikia mnajua, na ambao hamkumsikia naomba mumtafute leo hii, sauti ilikuwa inashuka chini kabisa kooni afu inapanda juu kama ya mtoto bila kukatika, na chini yake ilimba yenye chuma nyingi inaongea mambo mawili matatu kwa wakati mmoja, mkono wa kulia habari yake na wa kushoto habari yake. Mzee yule amepiga Ulaya, Marekani, Japani, akarekodi na lebo ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, watu wakasafiri kutoka mabara mengine kuja kukaa Bagamoyo kujifunza kwake. Zeze, ilimba, malimba, filimbi, kuimba kwa sauti nyingi kama Wagogo wanavyoimba, yote hayo yalikuwa mezani kwa kijana wa Kitanzania yeyote aliepata nafasi pale chuoni. Mzee Zawose alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Sasa angalieni tarehe. Kuanzia tarehe 20 Mei 2004, miezi mitano tu baadae, waraka wa utumishi ukaweka kwamba sifa ya chini ya kuajiriwa serikalini ni kidato cha nne. Mnaukumbuka vizuri huo waraka kwa sababu 2017 na 2018 ulirudi kwenye midomo ya kila mtu wakati wa uhakiki wa vyeti, watumishi wa darasa la saba wakaondolewa kazini, baadae ikabidi itolewe kauli kwamba waliokuwepo kabla ya tarehe hiyo warudishwe. Mimi siusemi vibaya waraka kwa ujumla wake. Karani wa masjala anatakiwa asome na aandike vizuri, dereva wa serikali vilevile, hilo halina mjadala. Ila tuulizane kwa utulivu, kijana wa Kigogo wa leo anaepiga ilimba kama mzee Zawose, aliechunga ng'ombe badala ya kwenda sekondari, akija Bagamoyo akasema nipeni darasa nifundishe, ataajiriwa kwa kifungu gani? Ataingia kwenye muundo wa utumishi kama nani? Mnaweza kumwita kwenye warsha ya siku mbili, mnaweza kumpa posho ya jukwaa siku ya tamasha, akimaliza anapanda basi anarudi kwao. Darasa la miaka miwili mitatu mfululizo, lile ambalo ndio linatoa mpigaji wa kweli, halipo kwake. Yaani kwa sheria tulizonazo, mtu aliekipa chuo hiki jina duniani asingeweza kuajiriwa kufundisha kwenye chuo hicho hicho.

Juu ya waraka ukaja mfumo wa ithibati, yaani chuo kukaguliwa na kutambuliwa rasmi. Nao una sababu zake nzuri, diploma ya Bagamoyo sasa inatambulika, mhitimu anaweza kuendelea na chuo kikuu bila kuanza upya, na hilo wazazi tulilililia muda mrefu, mana'ke ilikuwa mtoto akisema anaenda kusoma sanaa nyumba nzima inanuna. Lakini mfumo wa ithibati unahesabu vyeti vya mwalimu. Unauliza amefika ngazi gani, amesomea wapi, ana shahada ya nini. Hauna safu ya kujaza kwamba huyu bwana amechonga mpingo miaka 40 na wanafunzi wake ni mafundi wakubwa saa hizi. Kwaiyo chuo kikitaka kubaki na ithibati kinatafuta mwenye shahada, na mwenye shahada ni mwalimu mzuri pengine, sina neno nae, ila mara nyingi yeye mwenyewe ameijua ile ngoma chuoni, kutoka kwa mtu ambae nae aliijua chuoni. Ngoma ikipita mikono mitatu hivyo bila kurudi kijijini inaanza kuwa hatua za kuhesabu. Moja mbili tatu geuka. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, inabaki kiuno, na zile nyimbo, zile sababu za kucheza, mahali pa kuchezea, nani anaanza na nani anajibu, vinaachwa njiani kimya kimya bila mtu kuamua kwamba viachwe.

Historia ya karibuni ya chuo mnaijua kuliko mimi ila niipitie kwa sababu inaonesha kitu. 2002 ukumbi mkubwa wa makuti ulishika moto ukateketea. Ulikuwa fahari ya mji, watu wa Bagamoyo walikuwa wanaingia pale na watoto wao, na ulivyoungua kulikuwa na huzuni ya kweli, sio ya wasanii peke yao. Kwa msaada wa Sweden na wenzao wa Skandinavia ukajengwa mpya, ukafunguliwa 2008, jengo kubwa la kisasa lenye jukwaa na taa na vifaa. Katikati hapo, 2007, chuo kikabadilishwa kuwa wakala wa serikali chini ya Sheria ya Wakala wa Serikali ya 1997 na kikapewa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ndio TaSUBa. Kwa hiyo ndani ya miaka 6 tulipoteza ukumbi, tukampoteza mzee Zawose, mlango wa ajira wa watu kama yeye ukafungwa, chuo kikawa wakala, ukumbi mpya ukafunguliwa. Kati ya vyote hivyo kimoja tu ndio kilitafutiwa hela kikarudi, jengo.

Sipingi jengo. Msanii bila jukwaa ni shida, na mimi mwenyewe nafurahi nikiona jukwaa zuri. Ila jengo lilionekana limeungua, kila mtu aliona moshi, kwahiyo wafadhili wakaja na serikali ikasimama. Mzee akiondoka na zeze lake hakuna moshi. Hakuna kamati ya maafa inayokaa. Mwaka unapita, mtaala unabaki umeandikwa muziki wa asili, mwalimu yupo, mtihani unafanyika, ripoti inaenda wizarani, na kwenye karatasi hakijapungua kitu.

Kuwa wakala pia kumebadili namna chuo kinavyotazamwa, na hapa naomba wizara inisikilize bila kukasirika. Wakala anategemewa ajiendeshe kwa kiasi, atafute mapato, apimwe kwa malengo ya mwaka. Mapato yanatoka wapi kwenye chuo cha sanaa? Ada, kukodisha ukumbi, kozi fupi, kazi za kuhudumia sherehe na matukio. Mzee wa kufinyanga udongo haleti mapato, anakula mapato. Anahitaji mshahara, nyumba, udongo mzuri wa kufuatwa mbali, kuni za kuchomea, na wanafunzi wake ni wachache kwa sababu ufinyanzi haufundishwi kwa watu 60 kwenye ukumbi. Mkurugenzi yeyote makini akiangalia hesabu atamwona ni gharama. Ndio maana nawaandikia nyinyi wa juu yake. Msimwachie Mtendaji Mkuu achague kati ya kulipa umeme na kumlipa mfinyanzi, atachagua umeme na mtu asimlaumu. Hili liwe fungu la wizara, limeandikwa kwa jina lake kwenye bajeti, lisichanganywe na mapato ya wakala.

Kuna kozi mpya zimeingia, utayarishaji wa muziki na sauti, filamu na televisheni, na watoto wanazipenda na zina ajira, tasnia ya filamu na bongofleva imekuwa kubwa, tunahitaji watu wa sauti na kamera waliosoma. Nazikubali kabisa kozi hizi. Tena nasema kozi hizi ndio zinafanya ombi langu liwe la haraka zaidi, kwa sababu kwa mara ya kwanza tuna vijana wenye maiki na kompyuta chini ya paa moja na fani za asili. Kijana wa kozi ya sauti anatakiwa ajifunze kurekodi nini? Kinanda kipo kila studio ya Sinza na Kinondoni. Kitu ambacho Bagamoyo peke yake ingeweza kumpa ni ilimba hai, marimba hai, ngoma kama mganda na lizombe, ngoma za ngozi zenye sauti ambayo haipo kwenye programu yoyote ya kompyuta, na mzee pembeni anaemwambia hapana mwanangu, hapo umeweka maiki mbali, huisikii ile ya chini. Dunia inatafuta sauti mpya kila siku na sisi tumekalia kisima.

Niende kwenye upande wangu, sanaa za ufundi, uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi, ubunifu wa vitambaa. Mkisikia Bagamoyo watu wengi wanafikiria ngoma na maigizo, ila sanaa za ufundi zinafundishwa pale pale na naona ndio upande ambao hauongelewi kabisa. Wakati nchi yetu ukiiuliza inajulikana nje kwa picha na vinyago gani jibu ni mbili. Moja ni Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam 1968 na alikufa 1972, miaka minne tu, anachora na rangi za mafuta zile za kupaka baiskeli juu ya hadibodi, hakwenda chuo chochote cha sanaa, akafundisha ndugu na jamaa waliokuwa wamekaa nae, nao wakafundisha wengine, na leo familia nyingi pale Msasani na kwingine zinakula kwa mkono ule. Ya pili ni vinyago vya Makonde, vya mpingo, mitindo ya ujamaa na shetani, mafundi waliotoka kusini na Msumbiji wakaja mjini, mtoto anakaa na baba au mjomba anapiga msasa miezi, anaruhusiwa kushika tezo ndogo, baadae patasi, miaka inaenda. Zote mbili ni shule. Zina walimu, zina ngazi, zina mtihani mkali sana kwa sababu mtihani wake ni mteja na mafundi wenzako. Hazina cheti tu.

2024 nchi yetu imeshiriki kwa mara ya kwanza maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice. Nilijisikia fahari ya kweli. Lakini nikajiuliza hawa wanaokuja nyuma, mtoto wa Lindi au Singida mwenye kipaji cha mkono, anapita wapi? Dar es Salaam kuna idara ya chuo kikuu na ina historia kubwa, marehemu Sam Ntiro na wenzake waliotoka Makerere walifanya kazi ya heshima kuifungulia njia sanaa ya uchoraji nchi hii, kuna na Nafasi Art Space pale Mikocheni tangu 2008, wanafanya makubwa ila ile sio ya serikali. Chuo cha umma cha ngazi ya kati, ambacho mtoto wa mkulima mwenye division foo yake anaweza kuingia akafundishwa mkono, Bagamoyo ndio tegemeo. Kwaiyo kikiyumba yeye hana pengine.

Na ubunifu, jamani. Chukueni kanga. Pindo, mji, jina, huo ni usanifu kamili wenye kanuni zake, mwanamke wa pwani anaijua kanga nzuri kwa kuitazama kutoka upande wa pili wa barabara. Nyingi tunazovaa zinachapwa India na China. Huyo anaekaa kuchora pindo jipya ni nani, kafundishwa na nani, analipwa nini? Hili lilitakiwa liwe darasa Bagamoyo, tena darasa kubwa, na mwalimu wake wa kwanza awe mtu aliefanya kazi hiyo kiwandani maisha yake yote, wapo, ni watu wazima sasa. Chukueni milango ya nakshi. Ipo pale pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mwanafunzi anaweza kutembea kwa mguu akaipapasa. Fundi anaejua kukata ile nakshi, anaejua ua hili linaanzia wapi na mnyororo unapita wapi, yupo Zanzibar na wachache wapo Bara. Chukueni majahazi. Ufukweni Bagamoyo kuna watu wanatengeneza vyombo bila mchoro, jicho tu, na chombo kinaenda Zanzibar kinarudi. Chuo cha sanaa na ubunifu kilichopo kwenye mji kama huu kikitafuta walimu kwa kuangalia vyeti peke yake kinapita mbele ya milango ya walimu wake bila kubisha hodi.

Mtasema tutampimaje mtu asie na cheti. Nchi hii tayari inajua kumpima, na hapa ndio nashangaa kwanini sanaa tumeachwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, urasimishaji ujuzi, fundi seremala au mwashi au fundi magari aliejifunza mtaani anapimwa kwa vitendo, anaoneshwa mapungufu yake, anafundishwa hayo tu, anapewa cheti. Ofisi ya Waziri Mkuu imeshaendesha programu za hivyo. Vijana wengi wa gereji wamepata vyeti kwa njia hiyo. NACTVET sasa inasimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi pamoja, chini ya baraza moja, kwa hiyo hata kisingizio cha kwamba hii ni ya wale na hii ya hawa kimeisha. Kaeni mtengeneze utaratibu huo huo kwa mpiga zeze na mchongaji. Wanaompima wawe mafundi wenzake wa fani hiyo pamoja na walimu wa chuo, apige, achonge, afundishe mtoto mbele yao tuone kama mtoto ameelewa. Akifaulu apewe ngazi inayotambulika kufundisha fani yake hiyo moja. Haombi kufundisha Kiingereza wala uhasibu.

Wajapani kwa sheria yao ya 1950 wana utaratibu wa kuwatambua mafundi wakubwa wa fani za asili kama hazina ya taifa, wa udongo, wa vitambaa, wa maigizo yao ya kale, na serikali inawalipa kila mwaka wakiwa wanarithisha kazi. Nchi ya viwanda na treni za kasi, imeona haipungukiwi kitu kumlipa mfinyanzi.

Kuna hoja ya pili nimeisikia na ni ya haki, kwamba wazee hawa hawajui kuandaa mpango wa somo, hawawezi kujaza fomu za tathmini, wengine wanakunywa, wengine wana hasira. Hasira wanazo na walimu wenye shahada. Kuhusu makaratasi, kila fundi mkubwa apangiwe mwalimu kijana mwenye diploma au shahada wa fani hiyo hiyo, wafundishe wawili darasa moja. Mzee afundishe mkono, kijana aandike mpango, ajaze alama, arekodi kila kipindi kwa sauti na picha. Baada ya miaka michache mna vitu viwili ambavyo leo hamna, mwalimu kijana mwenye cheti NA mkono wa mzee, na kumbukumbu ya masaa na masaa ya fani hiyo ikielezwa na mwenyewe kwa maneno yake. Wale vijana wa kozi ya filamu na sauti ndio wafanye kazi hiyo iwe sehemu ya mafunzo yao. Sasa hapo gharama iko wapi ya kutisha? Mafundi 10 wa kuanzia, fani 10, mishahara yao kwa mwaka mzima nina uhakika ni kiasi ambacho wizara inaweza kukitafuta bila kumwita mfadhili.

Kinachonikimbiza zaidi ni mtaala mpya. Kuanzia Januari 2024 sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ujuzi wa vitendo, na ndani yake zimo sanaa bunifu, muziki, maonyesho, sanaa za ufundi. Ni jambo kubwa, sisi tuliosoma zamani sanaa ilikuwa kitu cha Ijumaa mchana mwalimu akichoka. Ila mwanafunzi wa amali wa fomu wani anahitaji mwalimu, na mwalimu huyo atatoka wapi kama sio Bagamoyo na vyuo vichache vya aina hiyo? Tukimtoa mwalimu Bagamoyo ambae hajawahi kukaa miguuni kwa fundi, yeye ataenda kufundisha mamia kwa miaka 30. Kosa la darasa moja pale linasambaa nchi nzima. Na vilevile wema wa darasa moja utasambaa.

Kwa Bodi ya Mikopo nina fupi. Mlipoanza kukopesha ngazi ya diploma 2023 mlitaja fani za kipaumbele, afya, ualimu, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo. Ziwekeni na sanaa humo, hasa zile zinazokwenda kulisha mkondo wa amali. Mtoto mwenye kipaji mara nyingi hatoki kwenye nyumba yenye ada, na nikiangalia walioipa nchi hii jina kwenye sanaa karibu wote walitoka kwenye nyumba za namna hiyo.

Nchi za Afrika Mashariki zimekitambua chuo hiki kama kituo cha umahiri cha sanaa na utamaduni cha ukanda mzima. Maana yake Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda akitaka kusoma sanaa kwa undani anaoneshwa Bagamoyo. Huyo atakuja kutafuta kitu asichokipata kwao. Kamera anazo kwao.

Kwahiyo naomba haya yafanyike kabla ya tamasha lijalo, na tamasha lenyewe liwe mahali pa kutangazia. Wizara iombe Utumishi kibali maalum cha kada mpya ya ualimu wa fani za asili kisichofungwa na sharti la kidato cha nne. NACTVET wakae na chuo na VETA watoe mwongozo wa kuwapima. Chuo kitoe tangazo la wazi mikoani, kupitia maafisa utamaduni wa halmashauri ambao wanawajua wazee hawa kwa majina na kwa nyumba zao, lisomwe redioni kwa sababu wengi wao hawashindi mtandaoni. Mtu wa kijijini asiambiwe atume maombi kwa mfumo wa ajira wa kompyuta, afuatwe.

Na kama kuna kipengele cha sheria au kanuni kinachozuia hili, kitajeni hadharani, kifungu namba ngapi cha sheria gani, ili tujue barua inayofuata tumwandikie nani na tuwaombe wabunge wetu wakibadilishe kwenye kikao kipi. Jibu litolewe kwa maandishi na libandikwe pale chuoni walimu na wanafunzi waweze kulisoma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mchoraji, Dar es Salaam